Fundi nyavu wa Deep Sea, kwa wavuvi wa Tanga, kanisukia gongo la lakrosi: nyota nne

Nianze na bei maana najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 12,000, kazi ya kusuka upya wavu wa gongo pamoja na uzi wake. Alianzia 15,000, tukapatana. Mikanda ya ngozi ya kushikia wavu nilikwenda nayo mwenyewe. Muda alioniahidi ni siku mbili. Gongo langu nililitia mkononi siku ya kumi na nne. Nyota ya tano imepotelea hapo.

Gongo gani? La lakrosi. Ndiyo, hapa hapa Tanga. Wifi yangu, ambaye tumeishi naye nyumba moja miaka chungu nzima, mpaka leo anauita mchezo wangu “ule wa kukamata vipepeo”, na simlaumu, ukiuona kwa mbali ndivyo ulivyo. Gongo lina kijiwavu kichwani. Unadakia mpira humo, unakimbia nao, unampasia mwenzio, unafunga. Mkono haugusi mpira, labda wa kipa.

Niliuanza Manchester mwaka 1996 nikisomea uuguzi. Timu ya chuo ilikuwa ya wanawake 12 na siku moja walifika 11 tu. Mwenzangu wa chumbani akaniuliza, wewe si ulisema umecheza netiboli? Vaa viatu. Nikaingia beki sijui hata sheria moja, tope hadi magotini, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na nikapigwa chenga na kila aliyepita. Usiku ule sikulala, nilikuwa narudia pasi moja tu niliyoidaka. Mwaka 1999 nikarudi nyumbani na gongo langu sandukuni, limeviringishwa kwenye kanga.

Tangu hapo, kusema haki, mwenzangu wa kudumu amekuwa ukuta. Kuna ghala la zamani la mkonge lisilotumika, nina ruhusa ya mlinzi, na Jumamosi baada ya sala ya alfajiri mimi na ukuta tunarushiana mpira. Ukuta hauchelewi mazoezi wala hauombi nauli. Miaka hii mitatu nimepata watu: wauguzi wawili, mwalimu wa michezo, binti wa jirani, na mpwa wangu aliyesoma Kampala akaniletea magongo mawili. Waganda wametuacha mbali, mwaka 2014 walikwenda Denver wakawa timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano ya dunia ya wanaume. Jumla tuko sita. Olimpiki ya Los Angeles 2028 lakrosi itachezwa watu sita kila upande, kwa hiyo sisi upande mmoja tumekamilika, tunachokosa ni wapinzani tu.

Gongo langu la kale kichwa chake cha plastiki bado kizima. Nyuzi ndizo zilikwisha. Chumvi ya bahari na jua letu havina huruma, na ngozi ikikauka inakatika kama biskuti. Kuagiza nyuzi nje, uzi wenyewe bei ndogo, usafiri wake ndiyo kilio. Nikajaribu katani, maana Tanga bila katani si Tanga. Mvua ya kwanza ya masika katani ikavimba, ilipokauka ikawa waya. Binti yangu ndiye aliyesema, mama, wavu si wavu? Peleka Deep Sea.

Fundi viatu wa Ngamiani alinikatia mikanda minne ya ngozi ya ng'ombe kwa 4,000. Safi, sina la kuongeza.

Fundi nyavu nilimkuta chini ya kibanda cha makuti, mguu mmoja umenyooshwa, wavu umefungwa kwenye kidole gumba cha mguu, sindano ya mbao inakwenda kama inajiendesha. Nikamwamkia, “Shikamoo mzee.” “Marahaba mwanangu. Umeleta kijamanda?” Akaligeuza gongo huku na huku. “Hiki kinavua nini?” Nikamwambia mpira. Hakucheka. “Basi ulete. Siwezi kupima jicho la wavu sijamwona samaki.”

Nilikuwa nao mkobani. Ni mpira wa raba tupu, hauna upepo ndani, mdogo kidogo kuliko wa tenisi lakini uzito wake unapita mara mbili, kama gramu 145. Akaupima kiganjani, akaurusha, akaudaka. “Mzito huyu. Huyu anapasua.” Akaniuliza kama ni mchezo wa Wazungu. Nikamweleza kwamba ni wa wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, watu kama Haudenosaunee, waliocheza karne nyingi kwa magongo ya mti na nyuzi za ngozi. Wazungu waliukuta. Daktari mmoja wa meno wa Montreal, William George Beers, akaja kuandika kanuni mwaka 1867, na mpira wa ngozi akaubadilisha kwa raba. Mzee akatikisa kichwa: “Watu wa mitego hao. Mtu asiyetega hawezi kuwaza kitu hiki.”

Sasa kosa langu, mlikwepe: nilikwenda mwezi mpevu. Mwanga wa mwezi ukiwa mkali boti za dagaa hazitoki, taa zao hazina kazi, na nyavu zote zinashushwa pwani kushonwa. Mzee alikuwa na foleni ya manahodha, mimi na kijamanda changu nani atanitazama? Siku ya tatu bado. Siku ya tano bado. Nikaanza kununa, akanitazama juu ya miwani: “Mwanangu, waja leo waondoka leo hiyo ni ya wageni. Wavu hauondoki leo.” Nendeni siku za giza la mwezi, tena asubuhi, boti zikiwa zimesharudi na samaki wameshashushwa.

Siku ya saba akanikabidhi. Kazi nzuri kwa macho, safu kumi za uzi wa kijani kupita kwenye mikanda minne, na kila palipokutana uzi na ngozi kuna fundo dogo gumu kama punje ya mtama. Nikamwita mpwa wangu asimame mchangani hatua kumi na tano. Nikarusha. Mpira ukatua hatua mbili mbele ya miguu yangu. Nikarudia, vile vile. Vijana wa boti walikuwa wameshajipanga kutazama. “Mama, samaki kagoma kutoka!”

Mfuko wa wavu, pale mpira unapolala, ulikuwa na kina kupita kiasi. Mpira ukilala chini sana unakwama kwenye nyuzi za juu wakati wa kutoka, zinauvuta na kuupiga chini. Na yale mafundo yaliufanya uruke-ruke badala ya kuteleza juu ya ngozi. Tena kwa sheria zetu za wanawake gongo lile lisingeruhusiwa: ukilishika usawa wa macho na mpira ukiwa ndani, mpira lazima uchungulie juu ya ukingo. Wangu ulikuwa umezama kabisa.

Nilitafuta namna ya kumwambia mtu wa umri wa baba yangu kwamba amekosea. Mwishowe nikasema, “Mzee wangu, wavu wako unashika. Wa kwangu unatakiwa ushike, halafu uachie.”

Akakaa kimya. Akauchukua mpira, akauteremsha juu ya mikanda, akaurudisha, mara kama sita. “Miaka hamsini nashona,” akasema, “hajaja mtu kuniambia nishone wavu unaoachia.”

Akakata kazi yake yote kwa kisu, mbele yangu, safari hii bila kuahidi siku. Niliporudi hakuna fundo hata moja katikati. Uzi unauzunguka kila mkanda mara moja na kuendelea, kwa hiyo ukitaka kukaza unavuta mkanda wenyewe nyuma ya kichwa cha gongo. Safu za juu kazikaza, za chini kazilegeza kidogo, na kina kakipima kwa kijiti cha ukuti alichokichonga akiwa ameuweka mpira ndani na jicho moja kalifumba. Nyuzi kama zile ndizo nilizopewa Manchester, na huyu bwana hajawahi kuziona. Kafika huko kwa kuuteremsha mpira na kuutazama.

Ukutani nilirusha mara 50 mkono wa kulia, 30 wa kushoto, ambao umekuwa mzembe tangu nizae wa mwisho. Mpira unakwenda unakoutuma. Nikikimbia nao nalibembeleza gongo kama tunavyowabembeleza watoto wodini, na unatulia humo, nausikia uzito wake kwenye vifundo vya mikono. Nina miaka 51, goti moja lina kesi yake na mimi, lakini Jumamosi ile nilikimbia mpaka mwalimu akaniomba nipumzike kwa ajili yake yeye.

Ni miezi miwili sasa. Uzi haujalegea, ngozi naipaka mafuta ya nazi kidogo. Harufu ya dagaa ilichukua wiki tatu kutoka, wenye pua nyepesi mjiandae. Rangi ni ya kijani cha wavu, hakuna ya kuchagua. Risiti hana.

Juzi nimempelekea lile gongo moja la Kampala. Nyuzi zangu zilizooza amezitundika msumarini kibandani, katikati ya maboya, na mteja akiuliza anamwambia ni mtego wa Manchester, huvua kisha huachia. Gongo nimeambiwa siku mbili.