Modeli ya nyonga ya mwanaume: tezi safi, mishipa ya fahamu hoi

Nimekaa na hii modeli ya plastiki miezi minne nafundishia wanafunzi wa uuguzi na naona watu wanaisifia tu, sasa ngoja na mimi niseme yangu. Tezi dume yenyewe wameipatia aisee, inafunguka katikati kwa sumaku unauona mrija wa mkojo unavyopita ndani yake, kibofu juu, puru nyuma, rangi haibanduki hata ukifuta na spiriti. Hapo sina neno.

Shida ni neva, yaani hiyo mishipa ya fahamu. Wameweka uzi mmoja wa njano kila upande, mnene kama tambi, umeshuka wima ukaishia kwenye tezi basi. Mwanafunzi akiuona anadhani ni waya wa taa. Wakati kiukweli pale ni kama utando wa buibui wa neva za aina mbili zinazofanya kazi zenyewe bila wewe kuziamuru: za simpathetiki zinashuka kutoka uti wa mgongo usawa wa sehemu ya chini ya kifua na sehemu ya juu ya kiuno, za parasimpathetiki zinatokea S2 mpaka S4 (pingili za sehemu ya chini ya uti wa mgongo), zinakutana kwenye wavu ulioko pembeni ya puru na kibofu afu ndo matawi yanaingia kwenye tezi. Huo wavu haupo kabisa! Ikabidi nichukue nyuzi za kushonea nijiongezee, nyekundu za simpathetiki, hizi ndo zinabana misuli laini ya tezi na shingo ya kibofu ili shahawa ziende mbele zisirudi nyuma (ndo maana anayemeza tamsulosini, dawa ya tezi dume iliyovimba inayolegeza hiyo misuli, mkojo unafunguka ila anaweza kushangaa akimwaga hakitoki kitu), na bluu za parasimpathetiki zinazochochea tezi itoe majimaji yake.

Ila kilichoniuma zaidi ni zile neva za kusimamisha uume. Zenyewe zinapita tu, zimejibana nyuma pembeni ya tezi pamoja na mishipa ya damu, ukichora saa ya ukutani ziko kwenye namba 5 na namba 7 (namba zilizoandikwa jamani, sio saa tunavyozitaja), halafu zinaendelea mbele mpaka kwenye uume. Madaktari wa mfumo wa mkojo, Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins kule Marekani na Mholanzi Pieter Donker, ndo walionyesha vizuri njia yake mwaka 1982, kabla ya hapo ukitolewa tezi yote kwa ajili ya saratani nguvu za kiume karibu kila mara ziliondoka nayo. Sasa mimi nitaelezaje upasuaji wa kuzinusuru wakati uzi wenyewe umeishia njiani?

Nyota 3, zote za kibofu na sumaku. Nilimuandikia muuzaji akaniambia nisome kijitabu kilichokuja nayo. Nimekisoma. Namba 14: "neva".