IoT Inspector: programu iliyonionyesha bando langu linakoishia

Nina stoo ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mwaka jana nilifunga kamera mbili za waifai baada ya magunia kupungua usiku mara tatu, na kwa kulinda mzigo zimenisaidia kweli. Ila tangu zifungwe, bando langu la GB 55 likawa linakata tarehe 18 au 19. Niligombana na vijana wa stoo nikidhani wanaangalia mpira kwa waifai yangu. Nikabadilisha nywila, bando likakata vilevile. Vijana nimeshawaomba radhi.

Aliyeniletea IoT Inspector ni mtoto wa dada yangu, anasoma kompyuta chuoni. Ni programu ya bure. Ilitoka Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 2019, kwa watafiti waliotaka kujua vifaa vya nyumbani vyenye intaneti, kuanzia kamera na runinga hadi balbu, vinawasiliana na nani. Baadaye ikaendelezwa New York University. Hununui kitu: unaiweka kwenye laptopu iliyounganishwa na waifai yako, nayo inajipenyeza kati ya ruta na kifaa ulichochagua, kila kinachotoka kikapita kwake kwanza.

Tuliiwasha laptopu pembeni ya mizani. Yakajipanga majina: simu yangu, runinga, printa ya risiti, kamera mbili. Akachagua kamera ya mlango wa nyuma, grafu ikaanza kuchora. Simu nikaizima, hakuna aliyekuwa anaitazama ile kamera, lakini mstari haukushuka hata kidogo.

"Mama mdogo, hii hailali."

Saa moja ilipopita ilikuwa imetuma MB 60. Nikachukua kikokotoo cha mauzo: saa 24, kamera mbili, karibu GB 3 kwa siku. Kumbe kuhifadhi video kwenye seva za nje kulikuwa kumewashwa tangu kiwandani, na fundi aliyefunga hakuniambia.

Programu ilionyesha pia kamera inatuma data kwenye anwani mbili za intaneti, na kilichoniuma zaidi ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya watengenezaji wenyewe. Hii nyingine ni ya kampuni nisiyoijua kabisa. Kijana akanieleza kwamba watafiti wa Northeastern University na Imperial College London walipima vifaa 81 mwaka 2019, na 72 kati yake vilikuwa vinawasiliana na wengine mbali na aliyevitengeneza. Halafu akajaribu kuingia kwenye kamera: jina admin, nywila admin. Ikafunguka! Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani kama hizo. Mlango wa stoo nimeutia kufuli mbili, kumbe wa kamera uko wazi.

Isikupe matumaini zaidi ya uwezo wake. Inaonyesha data zinakwenda wapi, saa ngapi na kiasi gani. Kilichosimbwa, yaani kilichofichwa kwa msimbo ili wengine wasikisome, haikifungui, na kifaa kibaya haikirekebishi, hiyo ni kazi yako. Waifai inaweza kupungua kasi kidogo inapofanya kazi. Ni ya Kiingereza, kwa hiyo kaa na mtu wa kukutafsiria. Kabla ya kuanza inakuomba idhini, kwa sababu taarifa za vifaa vyako zinaweza kwenda kwa watafiti; soma kwanza ndipo ukubali. Na usiiwashe kwenye waifai ya gesti au ya ofisi ya watu, utakuwa unachungulia vya wenzako.

Kwa mwenye duka, stoo au nyumba yenye kamera, naipa nyota nne, na ningeongeza ya tano ingekuwa na Kiswahili. Sisi tulizima ile hifadhi ya nje, tukaweka kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera, tukabadilisha nywila zote mbili. Leo ni tarehe 27, na salio linasoma GB 21.