Algonquin wakati wa baridi: uzoefu wangu wa kutazama ndege

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na kuhamia Toronto, Januari ikiingia tunajifungia ndani. Kwa anayependa ndege, hiyo ni hasara. Hifadhi ya Algonquin, iliyoanzishwa mwaka 1893, iko mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, na baridi ni msimu mzuri mno wa kutafuta ndege wa misitu ya kaskazini, ambao mjini ni nadra kuwaona.

Ukishalipia kibali cha siku, karibu kila kitu utakipata kandokando ya barabara kuu namba 60. Anzia njia ya miguu ya Spruce Bog, kwenye kilomita ya 42 na ushee ukihesabu kutoka lango la magharibi. Njia ina kilomita moja na nusu tu, na sehemu yake hupita juu ya mbao zilizotandazwa kinamasini. Mwenye haraka ataizunguka na kutoka mikono mitupu. Mimi nilipiga hatua chache, nikasimama, nikatega sikio. Kigogota mgongo-mweusi nilimsikia kabla sijamwona: tok, tok, taratibu. Alikuwa akibandua gome la mti uliokufa akitafuta mabuu, vipande vikidondoka juu ya theluji. Baka la manjano utosini lilionyesha kuwa ni dume.

Lakini aliyeniteka ni jei wa Kanada, ndege wa jamii ya kunguru. Ni wa kijivu, manyoya yamemfura, wala hana woga na watu. Kabla ya baridi huficha chakula mahali pengi mno, akikibandika kwenye magome kwa mate yake yanayonata kama gundi. Akiba hiyo ndiyo humvusha, na huatamia mayai mwezi Machi huku theluji bado imetanda. Mwangalie miguu: wengine wamevalishwa pete za rangi, maana watafiti wamekuwa wakiwafuatilia hapa tangu miaka ya 1960. Wameona kwamba vuli ikiwa na joto, akiba huharibika na makinda hupungua. Jei wa Algonquin wamepungua sana. Jambo hilo limenikaa moyoni.

Ukiwa na watoto au wazee, kituo cha wageni cha kilomita ya 43 kinatosha kabisa. Ndani kuna joto, nje kuna vilisho vya ndege, na miaka ambayo mbegu za misonobari zimeadimika kaskazini, grosbiki wa manjano, ndege wenye mdomo mnene wa kuvunjia mbegu, huteremka kwa makundi.

Kwale wa msituni sikumpata, ingawa nilitembea Barabara ya Opeongo hadi jua likaegemea. Huyo hukaa kimya tawini hata ukipita chini yake, kwa hiyo nitamrudia.

Simu iweke mfuko wa ndani, la sivyo baridi itaimaliza chaji. Darubini usiipumulie, mvuke huganda kwenye lenzi. Na soksi za sufi usizifanyie ubahili.