Uzoefu wangu: Hoovermatic ya matangi mawili, na zile londri za sarafu za London

Nasema wazi kabisa, kwa nyumba yenye shida ya maji kama zetu huku Dar sijaona mashine ya kufulia inayoishinda ile ya zamani ya matangi mawili, na nimetumia karibu kila aina, kuanzia zile za kutumbukiza sarafu nilipokuwa London miaka ya 80 mpaka hizi otomatiki za siku hizi.

Londri za sarafu kwanza. Waingereza walifungua ya kwanza Mei 1949 mtaa wa Queensway pale Bayswater, ila Wamarekani walishawatangulia, Fort Worth huko Texas watu walikuwa wanakodi mashine kwa saa tangu 1934. Mimi nilizikuta zimeshachoka lakini kazi zinapiga, ukuta mzima mashine za mlango wa mbele, zimekazwa kwa bolti chini kwenye zege maana zikianza kukamua hazishikiki, unapanga sarafu kwenye kile kisahani cha chuma unasukuma kwa kiganja, ukisikia maji yanaingia ujue hela imekubali. Kama huna muda unamwachia mama wa pale anakufulia mpaka anakukunjia. Nguo zilikuwa zinatakata kwelikweli. Tatizo draya bwana, unaweka sarafu, unaweka nyingine, jinzi imekauka miguu yote ila kiunoni na mifukoni bado mbichi, unarudi tena kutafuta chenji.

Sasa Hoovermatic, ndiyo ile ya matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Hii ilikuwa inatengenezwa Merthyr Tydfil kule Wales, kiwanda kilifunguliwa 1948 na uzalishaji ukaja kusimama 2009. Yangu niliuziwa na wazee waliokuwa wanahama, nikaipakia kwenye kontena wakati narudi nyumbani, na hapa sikuhitaji hata kubadilisha plagi, pini tatu zilezile.

Uzuri wake uko kwenye maji. Unajaza tangi la kufulia mara moja, maji ya moto na sabuni, unaanza na nyeupe, dakika chache tu zinatosha maana lile pangaboi la pembeni linachapa nguo vizuri sana, unazitoa kwa koleo la mbao unahamishia upande wa kukamulia, na maji ya sabuni yanayokamuliwa yanarudishwa kwenye tangi la kufulia, hayamwagwi! Unaingiza za rangi kwenye maji yaleyale, unamalizia na matambara ya jikoni. Maji safi unayahitaji kwenye kusuuza tu. Otomatiki inavuta maji mapya kila mzigo, na bomba likikata katikati inagoma na nguo zimo ndani mlango umejifunga, wiki ambayo maji hayatoki utafanyaje? Hii unaijazia kwa ndoo maisha yanaendelea.

Kasoro zipo. Huwezi kuiwasha ukaenda sokoni, lazima usimame nayo. Kanga na mashuka ukijaza mengi yanasokotana kama kamba, kwa hiyo weka machache machache. Na upande wa kukamulia panga nguo zilale sawasawa pande zote, halafu gandamiza kwa juu, la sivyo tangi linagonga mpaka mashine inatembea. Hizi za plastiki za Kariakoo mfumo ni uleule na bei inavumilika, ila kukamua kwa ile ya zamani mimi naona kuko mbali, kanga inatoka karibu kavu.

Kwa anayetaka kununua iliyotumika: iwashe upande wa kukamulia, ukiinua kifuniko lile tangi linatakiwa lisimame haraka. Likiendelea kuzunguka breki imekwisha, na hapo usikubali kuipeleka nyumbani kwenye watoto kabla fundi hajaitengeneza, mkono wa mtoto ukiingia mle unavunjika.