Nilikuwa nimevaa! (nyota moja, labda mbili)

Nilikuwa nimevaa. Gauni jeusi linalofika kwenye vifundo, mikono mirefu, mtandio kichwani. Nililichagua jioni nzima. Kwenye skrini yangu nilikuwa nimesitirika kuliko ninavyositirika nikitoka nyumbani kwangu. Kwenye skrini za watu wengine waliokuwa ukumbini nilikuwa uchi wa mnyama.

Jina la hii dunia ya mtandaoni, ambamo kila mtu anatembea na mwili wa kuchora, silitaji. Wanaoishi humo wataijua kwa kisa chenyewe, na wasioijua hawajakosa kitu. (Hapo ni hasira inaongea. Wamekosa kitu, nitafika huko.)

Ni mwezi uliopita, au ule wa kabla yake. Kikundi chetu kilikuwa na kumbukumbu ya mwenzetu aliyefariki. Amefariki kweli, si kwamba alifunga akaunti. Tulimjua kwa jina la utani na kwa kofia kubwa ya majani aliyokuwa haivui hata akiogelea. Tukakubaliana wote tuvae nyeusi. Nikaingia mapema, nikasimama safu ya pili.

Baada ya muda nikaona watu wanasogea. Wa kushoto kwangu akapiga hatua mbili pembeni, wa kulia naye vilevile, na mzee mmoja mwenye ndevu mpaka kitovuni akageuza uso kutazama ukuta. Nikadhani ndiyo heshima za msiba. Watafiti Nick Yee, Jeremy Bailenson na wenzao walishalichunguza jambo hili kwenye Second Life, dunia nyingine ya mtandaoni kama hii, wakachapisha mwaka 2007: hata mwili ukiwa wa kuchora, watu hupimiana umbali kama walivyozoea mitaani, na wakikaribiana mno huacha kutazamana usoni. Mimi nilikuwa katikati ya duara tupu, watu wote wananipa mgongo, nami nawasifu moyoni kwa adabu.

Ujumbe wa faragha ukaingia kutoka kwa mmoja wa kikundi.

"Dada, uko sawa?"

"Niko sawa. Kwani vipi?"

"Nguo."

"Nguo gani?"

"Ndiyo nakuuliza, dada yangu. Nguo gani?"

Sijamaliza kuelewa, mlinzi wa ukumbi akaandika hadharani, kila mtu akasoma: "Wewe dada, hapa ni msibani. Kama unatafuta wanaume, sehemu zake zipo. Nenda huko."

Nikajibu, vidole vinatetemeka, "Samahani kaka, mimi najiona nimevaa."

"Wote husema hivyo."

Hayo maneno matatu nimelala nayo na kuamka nayo. Wote husema hivyo! Kwa hiyo si mimi wa kwanza. Kwa hiyo wapo wengine, pengine wengi, waliosimama mbele ya huyuhuyu kaka wakimwapia kwamba wamevaa, naye katika watu wote hao hajawahi kujiuliza kwa nini waongo wote wana uongo mmoja.

Wahenga wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikatafuta kitufe cha kuchutama. Kimebanana na vitufe vya kupunga mkono, kulala na kucheza, vyote vidogo kama punje za mtama. Nikabonyeza. Nikacheza. Mbele ya picha ya marehemu, muziki wa maombolezo unapiga, mimi kiuno kinazunguka, na mchezo ukishaanza huwezi kuukatiza mpaka uishe.

Sasa niwaeleze kinachotokea, maana huduma kwa wateja hawakunieleza, nimekuja kuelezwa na watu wa kikundi. Unapoingia mahali, hakuna picha moja yako inayotumwa kwa wote. Kila kompyuta na kila simu inakuunda upya yenyewe. Mwili unafika kwanza kwa sababu ndio msingi. Gauni ni kitu cha pembeni, kinapakuliwa peke yake, na seva, yaani kompyuta kuu inayotuma vitu, ikielemewa au mtandao ukisuasua, gauni linakwama njiani. Wewe kwako limeshahifadhiwa, unaliona. Mwenzako hajalipata. Ndiyo maana unaweza kuwa umevaa na huna nguo kwa wakati mmoja, na hakuna anayesema uongo. Kuna na kinyago kinachoficha ngozi chini ya nguo ili isichomoze. Kikifika chenyewe bila nguo, sehemu hiyo ya mwili inapotea kabisa. Siku moja nilizunguka sokoni kichwa na miguu tu, sina kiwiliwili. Hakuna aliyeshtuka wala aliyenishitaki. Kukosa tumbo si kosa, kosa ni kuwa nalo.

Na dawa ipo, tena ya zamani! Second Life, iliyofunguliwa na Linden Lab mwaka 2003, nayo iliwahi kuwa na kituko chake: usipofunguka vizuri uligeuka mwanamke mmoja wa kawaida ambaye watu walimwita Ruth, hata uwe mwanamume mwenye misuli. Baadaye wakaweka wingu. Mtu ambaye hajafunguka anaonekana kama kibonge cha ukungu mpaka vitu vyake vifike. Afadhali wingu kuliko aibu. Kwenye mchezo wa World of Warcraft ukimvua mhusika kila kitu anabaki na nguo za ndani zisizovulika. Meta nao, wenye Facebook, walipofungua dunia yao ya Horizon Worlds, avata, yaani hiyo miili ya kuchora, hawakuwa na miguu kabisa, na tuliwacheka sana, lakini asiye na miguu utamvua suruali gani? Hawa wangu wamechagua kutuuzia mwili mtupu halafu nguo zije baadaye zikijaliwa, kisha zisipokuja mwenye hatia ni mimi. Na hizo nguo nazo si mali yangu, masharti yao yanasema ni ruhusa ya kutumia tu. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Sikujua kwamba ni maelezo ya kiufundi.

Nyota moja. Ningeweza kuweka sifuri ningeweka.

Ila lazima niseme kilichotokea kati ya ule mchezo na kufukuzwa, maana nisiposema nitakuwa nimemdhulumu mtu. Nikiwa bado nazungusha kiuno, akatoka mmoja kwenye safu za nyuma, mwili wa joka, mkubwa mpaka anainama kupita mlangoni. Simjui, sijawahi kuzungumza naye. Akaja akasimama kati yangu na watu, akafungua mabawa yote mawili, akayashusha mpaka yakagusa sakafu. Akaandika, "Simama hapohapo dada, usisogee." Basi. Hakugeuka kunitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, chumbani kwangu, nimevaa sweta na soksi, hakuna binadamu aliyekuwa ananiona, na nililia kama mtu aliyefunikwa shuka. Anayesema kwamba ni michezo tu ya kompyuta aje tuzungumze.

Kwa hiyo nyota mbili. Tatu, kwa ajili ya mabawa.

Halafu mlinzi akanitoa. Skrini nyeusi, "Umeondolewa", na baadaye barua kwamba akaunti imefungwa siku tatu kwa maudhui ya ngono. Maudhui ya ngono! Rafiki yangu alikuwa anaagwa. Hotuba ya ndugu yake sikuisikia. Kofia ya majani iliwekwa juu ya maji ikaachwa iende, nimeonyeshwa picha tu. Nikaandika kwa huduma kwa wateja, nikaambatanisha picha ya skrini yangu nikiwa na gauni. Jibu likaja baada ya sekunde, yaani halijasomwa na mtu: tunathamini usalama wa jamii yetu, tafadhali soma kanuni. Nikaandika tena. Jibu lilelile, hata nukta haijahama. Turudi kwenye nyota moja.

Kanuni nilizisoma. Zinakataza "mwonekano wa uchi" kwenye maeneo ya wote, na sina ugomvi na hilo. Kutenga maeneo ni jambo la busara. Second Life wana madaraja yao, la watu wote, la wastani na la watu wazima, na mwaka 2009 walihamishia mambo makubwa kwenye bara zima la peke yake, Zindra. Anayetaka anajua pa kwenda. Ninachouliza ni huyu mlinzi anatumia macho gani. Kwenye msiba uleule, safu ya mbele, alikuwepo paka anayesimama kwa miguu miwili, manyoya matupu, hata kola hana. Kulikuwa na roboti wa bati. Joka mwenyewe hakuwa na kitambaa. Hao hawakuambiwa wanatafuta wanaume. Uchi wa mnyama ruksa, mradi uwe mnyama.

Kifungo kilipoisha nikaenda kwa makusudi kwenye ufuo wa wasiovaa, nikiwa na gauni langu jeusi lilelile, kwa ukaidi tu. Dakika mbili hazikupita, akaja mama mmoja mwenye kidani na hana kingine. Akaniambia kwa upole kabisa, "Karibu mwanangu, lakini hapa ukivaa wenzako wanajihisi wanachunguliwa. Vua au utusamehe." Nikamuuliza ananiona nimevaa? "Gauni zuri jeusi," akasema, "na mtandio." Jamani, siku hiyo lilifunguka! Nilicheka peke yangu mpaka nikashindwa kuandika. Niliondoka bila kuvua, lakini huyo mama ndiye wangemwajiri mlangoni pale ukumbini.

Na nitoboe kabisa. Mwaka jana, nadhani ilikuwa mwaka jana, kwenye darasa la kuchora, aliingia msichana hana kitu mwilini, akakaa mbele kabisa, akasalimia watu kwa furaha. Nilibonyeza kitufe cha ripoti. Sikumuuliza. Nikamwandikia jirani yangu, "Wengine hawana haya." Msichana akatoweka katikati ya sentensi yake, na sikumwona tena humo. Siku ile alikuwa ameandika, neno la mwisho kabla hajatoweka, "mnapenda rangi ya…" Kwa miezi yote hiyo nilidhani anazungumzia picha.

Kwa hiyo sijui niweke nyota ngapi. Hasira yangu ni yao bado, wingu la ukungu lingewagharimu nini? Lakini nimesharudi. Sasa chini ya gauni navaa nguo ya kuchorwa, ile inayobandikwa kwenye ngozi yenyewe, maana hiyo mwili ukifika nayo inafika. Wageni wote fanyeni hivyo, anzeni nayo kabla hamjanunua hata kiatu. Na sipiti mlango wowote kabla sijamuuliza mtu wa kwanza ninayemkuta nje. Jana nilimkuta yule paka.

"Samahani," nikamwandikia, "unaniona nimevaa?"

Akanitazama juu mpaka chini, mkia unacheza.

"Umevaa vizuri tu dada. Mimi je?"