eSIM au laini ya kadi: ipi ikufae Dodoma?

eSIM ni laini iliyo ndani ya simu yenyewe, bila kadi ya kutia. Kabla ya kwenda dukani, piga *#06#. Ukiona EID, namba ya tarakimu 32, simu yako inapokea eSIM. Usajili ni uleule: namba ya NIDA na alama za vidole. QR, yaani picha ya mraba ya kuwashia eSIM unayopewa dukani, iskani ukiwa na intaneti nyingine, maana laini yenyewe bado haijawaka. Tatizo kubwa ni kuifuta eSIM wakati wa kufomati simu: QR nyingi hutumika mara moja tu, utarudi dukani. Aliyeko Kongwa au Kondoa vijijini, huo ni usumbufu wa kweli. Kadi unaichomoa, unaitia kwenye kitochi, miamala inaendelea. Mwizi naye huichomoa hivyohivyo; eSIM haichomoki. iPhone 14 za soko la Marekani hazina kabisa tundu la laini. Namba ya pesa, kwetu, ibaki kwenye kadi yenye PIN.