Sahani za Burleigh: tazama maua yanapokutana kabla ya kulipa

Ishike sahani ya Burleigh ya maua ya buluu karibu na dirisha, uizungushe polepole ukitazama ukingo. Mahali fulani maua hayakukutana sawasawa: petali imekatika nusu, tawi limeruka milimita moja. Ukidhani ni kasoro na kuirudisha dukani, utakuwa umekosea. Hapo ndipo mfanyakazi alipounganisha kwa mkono vipande vya karatasi vilivyobeba chapa ya maua, na ndicho unacholipia.

Kiwanda kinachozitengeneza kilianzishwa mwaka 1851 huko Burslem, Stoke-on-Trent, Uingereza. Mwaka 1862 kilichukuliwa na Frederick Rathbone Burgess na William Leigh, na jina Burleigh limetokana na majina yao mawili. Tangu mwisho wa miaka ya 1880 kazi imefanyika Middleport, kando ya mfereji wa Trent na Mersey, ambako mzigo wa vyombo ulisafiri kwa mashua bila kutikiswa. Ukoo wa Leigh ulikiendesha hadi fedha zilipokwisha mwaka 1999. Mume na mke mmoja wakakiokoa, kisha kampuni ya vyombo ya Denby ikakinunua mwaka 2010. Jambo kubwa la ukoo ule ni kwamba haukutupa vitu. Wenzao walipohamia kwenye maua ya kubandika yaliyochapwa tayari, wao walitunza rola zao za shaba na maelfu ya kalibu za zamani. Bila rola hizo ufundi huu usingekuwepo.

Ufundi wenyewe uko hivi. Wino wa mafuta hupashwa moto ulainike, ukapakwa kwenye rola iliyochongwa maua. Rola hupiga chapa kwenye karatasi nyembamba kama shashi. Karatasi hukatwa kwa mkasi na kulazwa juu ya chombo kilichochomwa mara moja tu, ambacho bado kinanyonya. Husuguliwa kwa brashi ngumu na sabuni laini mpaka wino uhamie kwenye udongo, kisha karatasi huoshwa kwa maji; wino unabaki kwa sababu ni wa mafuta. Moto mdogo huyaunguza mafuta hayo, maana yakibaki, glezi (rojo linalogeuka utando wa kioo likichomwa) inakimbia na kuacha vipara. Ndipo chombo huchovywa kwenye glezi na kuchomwa tena. Ua likiwa chini ya utando huo wa kioo, kisu hakilifikii, na mashine ya kuoshea vyombo hailifuti.

Kwa hiyo pakubali mahali maua yanapoungana. Usikubali mstari mweupe uliopinda, ambapo karatasi ilijikunja, wala doa jeupe la hewa iliyonaswa chini yake. Kagua hasa mdomo na mpini wa birika: hapo karatasi bapa inalazimishwa kufuata mviringo, na mkono mzoefu ndipo unapojulikana.

Sasa matumizi. Huu ni udongo, si kauri ngumu ya hotelini. Ukingo ukigongwa kwenye bomba la sinki unameguka, na pale palipomeguka mwili unanyonya: mchuzi wenye binzari utaacha doa lisilotoka. Maikrowevu sawa, oveni hapana. Birika lisuuze kwa maji ya moto kabla ya kumimina chai, hasa asubuhi za baridi, kwani joto la ghafla linaweza kuleta nyufa nyembamba kama nywele kwenye glezi. Ukizipanga sahani kabatini, weka kitambaa katikati. Kitako cha moja hukwaruza uso wa nyingine.

Kwa sinia za pilau za wageni ishirini, nunua vyombo vya hoteli. Kwa birika, vikombe sita na visosi vyake, Burleigh inastahili bei yake. Ukipata vya daraja la pili, vilivyopunguzwa bei, kiweke kila kimoja juu ya ncha za vidole na ukigonge kwa kifundo cha kidole: kikilia wazi chukua, kikitoa sauti nzito iliyokufa kina ufa ndani, hata kama macho hayauoni.